Kasi Ndogo ya Mtandao Inatosha Kutuma CT-Scan

Katika hospitali nyingi za mikoa ya kati, picha ya mgonjwa husafiri kwa simu ya mkononi. Filamu hubandikwa kwenye kisanduku cha taa, au dirishani penye mwanga wa jua, daktari wa zamu huipiga picha kwa simu yake, kisha huituma kwa WhatsApp kwa rafiki aliyesoma naye chuoni, ambaye sasa yuko Dodoma mjini, Dar es Salaam au Moshi, na kumwomba amsaidie kuisoma. Simlaumu daktari huyo. Ana mgonjwa mbele yake, usiku umekwenda, na daktari bingwa wa radiolojia hayupo karibu. Anatumia kilichopo, na mara nyingi rafiki yake humpa msaada wa kweli. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya TEHAMA hospitalini hapa Dodoma, bega kwa bega na wenzangu wa kitengo cha mionzi, na ninaandika kwa sababu ninaamini tunaweza kumpa daktari huyo njia bora zaidi bila kusubiri mtandao wa kasi kubwa ufike kila wilaya.

Haja hii imeongezeka, haijapungua. Sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, ule ambao serikali iliutangaza kuwa wa shilingi trilioni 1.3, ilinunua mashine za CT-Scan, ambazo hutumia eksirei kuonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na mashine za eksirei za kidijitali zimeshuka hadi hospitali za wilaya. Mashine inanunuliwa na kufungwa ndani ya miezi michache. Daktari bingwa wa kuisoma picha yake huchukua miaka mingi ya masomo, na akihitimu huhitajika kila mahali kwa wakati mmoja. Kwa hiyo picha sasa zinapigwa katika mahali pengi pasipo na msomaji, na ama mgonjwa asafiri kumfuata msomaji, ama picha isafiri.

Kinachopotea katika njia ya simu ni kikubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kila nukta ya picha ya CT-Scan ni namba inayoeleza jinsi tishu ilivyozuia mionzi mahali hapo: maji ni 0, hewa ni -1000, na mfupa mgumu hufika 1000 na kuzidi. Kipimo hiki kina jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971, na aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akihudumu hospitalini Cape Town. Kwa kawaida faili huhifadhi viwango 4,096 vya namba hizo, na jicho la binadamu haliwezi kutofautisha rangi zote hizo za kijivu kwa mara moja. Ndiyo maana daktari bingwa husoma picha kwa kuchagua dirisha, yaani sehemu ya namba hizo itakayotandazwa kutoka weusi hadi weupe. Anapotazama ubongo huchagua dirisha jembamba, kwa mfano kuanzia 0 hadi 80, ili tofauti ndogo za tishu laini zionekane. Akitaka kuona ufa kwenye fuvu huhamia dirisha pana la mfupa. Damu kidogo iliyovuja na kutandaa chini ya fuvu inaweza kumezwa na weupe wa mfupa katika dirisha la ubongo, na daktari huigundua kwa kulipanua dirisha hilo taratibu mpaka damu na mfupa vitengane. Filamu iliyopigwa picha kwa simu imeshafungwa katika dirisha moja lililochaguliwa na mtu mwingine, na msomaji aliye mbali hana namna ya kulibadilisha. Juu ya hilo, WhatsApp hupunguza ukubwa na ubora wa picha ili isafiri kwa wepesi.

Mfikirie kijana wa bodaboda aliyeanguka karibu na Kibaigwa akapoteza fahamu, kisha akazinduka, akaongea na ndugu zake na kuomba maji. Huenda yuko salama, na huenda damu inakusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo, hali ambayo humwacha mgonjwa akiwa na nafuu kwa muda kabla ya kumwangusha tena ghafla. Uamuzi wa kumkimbiza kwa daktari wa upasuaji wa ubongo au kumlaza na kumwangalia unategemea picha hiyo. Ninapozungumza juu ya kutuma picha ikiwa kamili, ninazungumza juu yake.

Jibu ninalolisikia kila ninapoleta hoja hii ni kwamba mafaili halisi ni makubwa mno kwa mtandao wetu. Tuyapime. Kipande kimoja cha CT-Scan kina nukta 512 kwa 512, na kila nukta huchukua baiti 2, kwa hiyo kipande kimoja ni takribani nusu megabaiti. Uchunguzi wa kifua na tumbo wenye vipande vyembamba 400 unafika megabaiti 200. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, kwenye laini inayopakia kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde utachukua kama dakika 27, na kwenye laini ya kilobiti 256 utachukua saa moja na dakika 45 hivi. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwenye simu. Lakini kichwa cha yule kijana hakihitaji vipande 400 ili swali la kwanza lijibiwe. Mashine inaweza kuzipanga upya data zilezile katika vipande vya unene wa milimita 5, ambavyo kwa kichwa kizima ni kama 30, sawa na megabaiti 15. Vikibanwa kwa njia isiyopoteza chochote, kama JPEG 2000 au JPEG-LS katika hali yake ya kutopoteza, ukubwa hushuka hadi nusu au theluthi. Tukisema vimebaki megabaiti 6, ile laini dhaifu ya kilobiti 256 itavifikisha kwa dakika tatu na ushee. Daktari bingwa anaanza kusoma, huku vile vyembamba vikifuata nyuma, na akihitaji kutazama ufa wa fuvu kwa undani atavikuta vimeshafika au viko njiani.

Jambo hili la kutanguliza linahitaji makubaliano kuliko linavyohitaji vifaa. Mtaalamu wa mionzi, daktari wa zamu na msomaji wakae pamoja na kukubaliana kwamba kwa ajali ya kichwa kinatangulia hiki, kwa tumbo kinatangulia kile, na kwamba mgonjwa wa kliniki ambaye jibu lake linahitajika kesho asishindanie laini na mgonjwa wa dharura. Bila makubaliano hayo kompyuta hutuma kwa foleni, na picha ya goti la mtu aliyekuja asubuhi kwa miguu yake inaweza kuwa mbele ya kichwa cha aliyeletwa na gari la wagonjwa.

Kabla ya kuzungumzia njia ya mbali, kuna hatua ya mita chache ambayo hukwamisha vituo vingi, nayo ni kuitoa picha ndani ya mashine. Mashine za kisasa huzungumza kwa DICOM, kiwango cha pamoja cha kuhifadhi na kutuma picha za tiba, kilichotokana na kazi ya pamoja ya chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme wa huko, iliyoanza mwaka 1983, na ambacho kilichukua jina hilo mwaka 1993. Mashine huhitaji kuambiwa anwani ya kompyuta inayopokea, namba ya mlango wake, na jina lake la utambulisho lisilozidi herufi 16. Herufi moja ikikosewa, hata kubwa ikiandikwa ndogo, upande wa pili unaweza kukataa kupokea bila maelezo ya kueleweka. Mara nyingi mpangilio huo hufungwa kwa nywila aliyonayo fundi wa kampuni iliyouza mashine. Ushauri wangu kwa hospitali inayonunua mashine ni kudai ndani ya mkataba kwamba mpangilio huo utafanywa siku ya kuifunga mashine na kwamba hospitali itakabidhiwa uwezo wa kuubadilisha, kwa kuwa kumwita fundi baadaye kutoka mbali ni gharama na ni kusubiri.

Kompyuta inayopokea haihitaji kuwa ya fahari. Programu ya Orthanc, iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, na kutolewa kwa umma mwaka 2012, haina malipo na huendeshwa vizuri kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Hukaa jirani na mashine, hupokea kila picha kwa DICOM, huitunza, na hutuma inayotakiwa kwenda mbali kwa njia nyingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, na yanahitaji maelezo.

DICOM ilibuniwa kwa ajili ya nyaya fupi ndani ya jengo moja. Katika utaratibu wake wa kawaida, mtumaji hupeleka kipande kimoja, husubiri mpokeaji ajibu kwamba amekipata, ndipo hupeleka kinachofuata. Ndani ya jengo jibu hurudi papo hapo na hakuna anayeona tofauti. Kwenye setelaiti ya aina iliyozoeleka, ambayo huelea kilomita 35,786 juu ya ikweta, ujumbe kwenda na jibu kurudi ni karibu nusu sekunde kwa safari ya mawimbi peke yake, na kwa kawaida hufika sekunde 0.6. Kwa vipande 400 hizo ni dakika nne za kusubiri majibu tu, hata kama laini ingekuwa pana kiasi gani. Kuna zuio la pili linalofanana na hilo katika itifaki ya TCP inayobeba mawasiliano mengi ya intaneti: mtumaji huruhusiwa kuwa na kiasi fulani tu cha data ambacho hakijathibitishwa kupokelewa, na kwenye mfumo wa zamani ambao kiasi hicho hukomea kilobaiti 64, laini yenye mzunguko wa sekunde 0.6 haiwezi kuvuka kilobiti 870 hivi kwa sekunde. Nimeona kituo kikihamia kifurushi cha gharama kubwa zaidi, na picha zikaendelea kwenda kwa mwendo uleule. Fedha ya umma ilikuwa inaondoka kila mwezi kununua upana ambao njia ya kutuma haikuwa na uwezo wa kuutumia.

Dawa yake inajulikana. Vipande vikusanywe katika mafurushi makubwa, vibanwe, vitumwe kwa HTTPS, njia iliyosimbwa inayotumiwa na tovuti, kwa mikondo kadhaa ya pamoja, kisha vifunguliwe upande wa pili na kurudishwa katika DICOM bila kupungua kitu. Orthanc ina nyongeza iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo. HTTPS ina faida nyingine kwetu, kwamba hospitali inayotumia intaneti ya simu kwa kawaida haina anwani ya wazi ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia, kwa hiyo msomaji hawezi kuja kuchukua picha. Lazima hospitali ndiyo ianzishe mawasiliano na kusukuma picha kwenda nje.

Hali ya njia zetu imebadilika sana, na ni haki kusema hivyo. Kabla nyaya za chini ya bahari za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 hazijafika Dar es Salaam, nchi ilitegemea setelaiti kwa mawasiliano yake ya nje. Leo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Dodoma, na kati ya hapa na Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 450 hivi, jibu hurudi kwa muda usiohisika. Tatizo limehamia kwenye kipande cha mwisho, kutoka ulipo mkongo hadi kilipo chumba cha mionzi, ambacho katika wilaya nyingi ni mnara wa simu. Na mnara wa simu hupakua haraka kuliko unavyopakia, jambo ambalo husahaulika kwa sababu watu hupima kasi kwa kutazama video. Hospitali inayotuma picha inaishi kwa kupakia. Nawashauri wenzangu wapime kupakia peke yake, na wapime saa moja jioni watu wanaporudi nyumbani na kuwasha simu zao, kisha wapime tena saa tisa usiku. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua picha za kliniki zitumwe saa ngapi.

Halafu kuna umeme na mvua. Mvua zetu hunyesha katika msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mawingu mazito ya wakati huo hudhoofisha setelaiti za masafa ya juu. Umeme ukikatika katikati ya kutuma, mfumo mbovu huanza upya kutoka kipande cha kwanza, na bando linaliwa mara mbili kwa picha ileile. Mfumo wa kununua au kutengeneza lazima uendelee pale ulipoishia. Lazima pia uhesabu: mtumaji aseme ametuma vipande 412, mpokeaji athibitishe 412, na kila kimoja kilinganishwe kwa alama ya hesabu inayobadilika hata baiti moja ikiharibika. Vipande vitatu vilivyopotea katikati ya kichwa vinaweza kuwa ndivyo vyenye jeraha, na picha iliyobaki itaonekana nzima kwa macho ya mtu asiyehesabu. Saa ya kompyuta ya mashine nayo iangaliwe, kwa kuwa baada ya umeme kukatika mara nyingi na betri yake ndogo kuchoka, inaweza kurudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma, na uchunguzi wa leo ukahifadhiwa kana kwamba mgonjwa alipigwa picha akiwa mtoto.

Picha ikifika salama, bado inaweza kuwa bubu. Daktari bingwa mmoja aliyekuwa akitusaidia kutoka mbali alinipigia simu jioni moja, na baada ya mimi kumwamkia shikamoo akaniambia, “Marahaba, kaka. Picha zimefika zote, na ni nzuri. Sasa mgonjwa anaumwa nini?” Fomu ya maombi ilikuwa imebaki mezani kwa daktari aliyemwona mgonjwa, na kwenye faili palikuwa na neno moja tu, tumbo. Tangu hapo nimekuwa nikisisitiza kwamba karatasi ya maombi ipigwe picha na kuambatanishwa ndani ya uchunguzi uleule, au maelezo yaandikwe kwenye nafasi yake kabla mfumo haujaruhusu kutuma: umri, dalili na zilianza lini, upasuaji wa zamani, kiwango cha fahamu kwa majeruhi, na swali ambalo daktari anataka lijibiwe. Maandishi hayo hayafiki hata kilobaiti chache. Hakuna kinachobebwa na mtandao ule kwa gharama ndogo na faida kubwa kama hicho.

Majina nayo yana taabu zake. Mgonjwa anayeandikishwa Ally leo ataandikishwa Ali mwezi ujao, jina la babu litaingia safari hii na kuachwa safari ijayo, na picha zake za awali hazitaonekana kuwa ni zake. Namba ya hospitali ndiyo nguzo, na mtaalamu wa mionzi ainakili kutoka kwenye faili kila mara, asiitunge mpya kwa sababu foleni ni ndefu.

Siri ya mgonjwa ninaiweka hapa, ingawa ingestahili makala yake yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tume inayoisimamia ipo. Faili la DICOM hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa ndani yake, na utaratibu wa zamani wa DICOM huyapitisha yote hayo wazi mtandaoni. Hiyo ni sababu nyingine ya kulazimisha HTTPS au njia binafsi iliyosimbwa. Picha za altrasaundi mara nyingi zina jina limeandikwa juu ya picha yenyewe, ambalo halifutiki kwa kusafisha maelezo ya faili. Linaloniumiza zaidi ni makundi ya WhatsApp yenye watu wengi wasiohusika na matibabu, ambamo filamu ya mama fulani kutoka Kondoa hutumwa ikiwa na jina lake lote. Mama huyo hakuulizwa. Njia ya kati inawezekana: uchunguzi unaotoka nje ya hospitali upewe namba ya siri, na daftari linalounganisha namba hiyo na jina libaki hospitalini, ili jibu likirudi lisiende kwa mtu mwingine.

Limebaki jibu lenyewe. Mipango mingi niliyoiona hutumia nguvu zake zote kwenye kupeleka, kisha ripoti hurudi kwenye barua pepe ambayo hakuna anayeifungua usiku. Daktari bingwa anayesoma kutoka mbali lazima awe kwenye orodha ya zamu inayojulikana, alipwe kwa kazi hiyo kama kazi nyingine, na awe na namba ya simu ya wodi, kwa sababu damu kwenye ubongo haielezwi kwa barua pepe. Hupigiwa simu kwanza, ikathibitishwa kwa jina la aliyepokea, ndipo ripoti ikaandikwa. Ripoti hiyo irudi kwenye mfumo uleule ulioituma picha, ichapishwe na kuwekwa ndani ya faili la mgonjwa siku hiyohiyo, ikiwa na jina la aliyeisoma, saa aliyoisoma, na idadi ya vipande alivyovipata.